Uzi Chini ya Boriti

Boriti iliikataa kona ya Mkunazini.
Mita sita za chuma, na kichochoro kile
kilipimwa zamani kwa mbavu za punda.
Shaame hamali aliisukuma, akairudisha,
akajaribu kuisimamisha wima, nyaya za umeme zikamkataza,
kisha akaikalia, akaagiza kahawa.

Tuikate, basi.
"Katikati?" Pandu kauliza, msumeno mkononi.
Si katikati. Katikati ndipo itakapoumia.
Kata karibu na ncha, mita moja na nusu,
tutaiunga ndani kwa mabamba na bolti ishirini na nne,
kiungo kikae mahali penye maumivu kidogo.

Bi Mize katutazama tangu Jumatatu, ngazini,
mtandio begani, swali moja mdomoni:
"Uzito wa chumba cha juu
mtaupeleka wapi?"

Hatuupeleki popote, bibi. Uzito haufi, huhama.
Sakafu huukabidhi kwa boriti,
boriti huugawa, nusu ukuta huu, nusu ukuta ule,
ukuta wa matumbawe huuteremsha kwenye msingi,
msingi kwenye ardhi,
na ardhi haina wa kumpa.

"Na hicho chuma, kinasikia nini?"

Nikavua kandambili.
Nikailaza juu ya matofali mawili, nikaibonyeza kati kwa kidole.
Tazama: juu mpira umejikunja, unabanwa.
Chini umetanuka, unavutwa.
Na humu ndani upo mstari mmoja
haubanwi, hauvutwi.

"Huyo wa kati ana raha," akasema.

Hana. Yeye ndiye anayewashika wale wawili
wasikaribiane, wasiteleze kila mmoja na njia yake.
Ndiyo maana chuma hiki kina kiuno chembamba:
nyama imepelekwa juu na chini kwenye vita,
kiuno kimeachiwa kazi isiyoonekana.

Bi Mize akacheka hadi akashika ukuta.
"Mwanangu, mimi nilikuwa mke wa pili
kati ya watatu."

Alhamisi tukapandisha jeki
na kuzitoa boriti za mkandaa, moja moja,
nyeusi, zinanuka chokaa na popo.
Nilidhani zikitua mzigo zitanyooka.
Hazikunyooka.
Zimebeba muda mrefu mno, kupinda kumekuwa umbo lao.
Pandu kailaza moja uani, ikabembea,
na mjukuu, Rahila, akaipanda kabla hatujamkataza.

Chuma kikaingia. Bolti zikakazwa,
Pandu akihesabu kwa sauti, akikosea kumi na saba, akianza upya.
Rangi ya kuzuia kutu mara mbili,
maana chumvi ya hapa haisahau nyumba ya mtu.
Nikafunga uzi ukuta hadi ukuta, chini ya boriti,
nafasi ya milimita kumi.

Tukashusha jeki polepole.
Tisa. Nane. Saba.
Pandu akaguna. "Inapinda!"
Iache ipinde.
Boriti isiyopinda haijabeba kitu.
Ikasimama kwenye saba, ikanyamaza.

Kitanda cha samadari kikapandishwa vipande vipande:
nusu milimita.
Sanduku la njumu, na lililomo, sikuuliza:
chini ya nusu.

Halafu akapanda yeye.
Miaka kumi na mmoja hajakanyaga chumba kile,
tangu sakafu ilipoanza kulia chini ya waliobeba jeneza.
Nikasikia nyayo zake juu ya kichwa changu,
dirishani, kitandani, dirishani tena,
kisha kimya kirefu cha mtu aliyesimama.

"Fundi!" Sauti ikapita katika mbao.
"Imenisikia?"

Nikainama kwenye uzi, rula mkononi, jicho moja nimefumba.
Sita na kidogo, kama mwanzo.
Kwa kipimo changu, Bi Mize hakuwa na uzito wowote.

Lakini najua chuma.
Hata kunguru akitua darini, huinama kidogo,
kiasi ambacho rula haikufundishwa kukisoma.

"Imekusikia," nikajibu.